Mdomo sungura: maswali yenu kutoka Malindi na Lamu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zahusu watoto wanaozaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, kaakaa lililo wazi, au vyote viwili. Tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Assalamu alaykum. Nimejifungua mtoto wa kiume Desemba. Mdomo wa juu umepasuka upande wa kushoto hadi puani, na kaakaa liko wazi. Mavyaa wangu ashikilia kuwa ni kwa sababu usiku ule mwezi ulipopatwa, tarehe 7 Septemba 2025, nilikuwa jikoni natumbua changu kwa kisu. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Mume wangu hasemi neno. Nataka kujua nilikosea wapi. Mama wa Muyeye, Malindi

Waalaykum salaam, dada. Hukukosea popote, na tarehe ulizotuandikia zatosha kukutetea.

Mdomo wa mtoto haukukatika. Haukuunganika. Uso wa mimba changa huanza kwa vipande vilivyoachana: kimoja chashuka katikati kutoka upande wa paji, kikileta pua na sehemu ya kati ya mdomo, na viwili vyatoka upande wa mashavu, kimoja kulia na kimoja kushoto. Vya mashavuni husogea mbele vikakutana na kile cha kati chini ya kila tundu la pua. Pitisha kidole chini ya pua yako utagusa matuta mawili madogo yanayoteremka hadi mdomoni. Maungio yako hapo. Kipande cha upande mmoja kikichelewa au kikiwa kidogo, ufa hubaki chini ya tundu hilo la pua. Ndiyo maana ufa wa mwanao uko kushoto wala si katikati kabisa. Kushoto ndiko hutokea zaidi, na mpasuko wa mdomo huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana. Kaakaa peke yake likiwa wazi, wasichana ndio wengi.

Kaakaa huja baadaye kidogo. Kuta zake mbili huanza zikiwa zimening'inia kando ya ulimi. Sharti taya likue, ulimi ushuke, ndipo kuta ziinuke, zilale na kukutana katikati, zikijifunga kutoka mbele kwenda nyuma kama zipu hadi kwenye kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Ulimi ukikawia kushuka, kuta hukosa nafasi ya kukutana.

Sasa hesabu. Mdomo hufungika kati ya wiki ya 4 na ya 7 tangu mimba kutunga, na kaakaa humalizika kufikia wiki ya 10 hivi. Wauguzi huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo kwenye kijitabu chako cha kliniki ongeza wiki 2. Mwanamke ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 1 Januari, mdomo wa mtoto wake hujifunga kati ya tarehe 12 Februari na 5 Machi, na kaakaa huwa tayari mwishoni mwa Machi. Wewe mwezi ulipopatwa ulikuwa na mimba ya miezi sita. Uso wa mwanao ulikuwa umekwisha kuumbika zaidi ya miezi mitatu kabla ya samaki yule. Kisu, mkasi, sindano na kivuli cha mwezi havina njia ya kumfikia mtoto tumboni, na hata vingekuwa nayo, vingechelewa.

Kinachosababisha hasa ni mchanganyiko wa urithi na mazingira ya mimba changa, na kwa watoto wengi hapapatikani sababu moja ya kunyooshea kidole. Pacha wa kufanana kabisa wana urithi mmoja, lakini mmoja akizaliwa na mdomo sungura mwenzake hupatwa mara kama nusu tu. Pacha wasiofanana ni mara chache sana, 3 hadi 5 kati ya 100. Hapo waona kwamba urithi una nguvu, na waona pia kwamba hauamui peke yake.

Mumeo naye tungependa asome hapa: nusu ya urithi wa mtoto huyu ni wake. Jambo likitajwa nyumbani kana kwamba limetoka kwa mke peke yake, si kweli.

Kwenye kliniki ijayo mwombe daktari amkague mtoto mwili mzima: moyo, macho, vidole, taya. Takriban watoto 7 kati ya 10 wenye mpasuko wa mdomo hawana kasoro nyingine yoyote. Kwa wenye kaakaa wazi peke yake ni kama nusu, ndiyo maana hao huchunguzwa kwa makini zaidi.

Nachumbiwa na mtoto wa ami. Dada yake wa tumbo moja alizaliwa na mdomo sungura akashonwa, sasa ana watoto wazima. Bibi asema nyumba yetu ina mkosi, mama asema damu ni moja tusiogope. Tufanyeje? Bi Harusi Mtarajiwa, Langoni, Lamu

Mwanangu, mkosi tuuweke kando, ila "damu ni moja" ndilo neno la kuangaliwa.

Kwa watu wote duniani mtoto mmoja hivi kati ya 700 huzaliwa na mpasuko, na kwa Waafrika idadi huwa ndogo zaidi. Mzazi mmoja akiwa nao, au akiwepo mtoto mmoja aliyetangulia kuzaliwa nao, hatari kwa anayefuata hupanda hadi 3 hadi 5 kati ya 100. Watoto wawili wakiwa nao, hufika kama 10 kati ya 100. Mzazi na mtoto wote wawili wakiwa nao, ni 15 hivi. Kwenu mwenye mpasuko ni shangazi wa watoto mtakaopata, hatua moja mbali zaidi, na hatari hiyo kwa kawaida haifiki 1 kati ya 100.

Kisha jumlisha udugu wenu. Watoto wa ndugu wawili hushiriki sehemu moja kati ya nane ya urithi wao. Tafiti kadhaa zimeona mpasuko ukitokea takriban mara mbili zaidi kwa watoto wa ndoa za binamu. Mara mbili ya kitu kidogo bado ni kidogo, na watoto wengi wa ndoa hizi huzaliwa wazima. Lakini kwenu mambo mawili yamekutana, udugu na mgonjwa katika ukoo, na msifunge ndoa bila kuyazungumza.

Jambo moja mwaweza kuliangalia wenyewe hapo nyumbani. Mtazame dada yake, na mchumba wako, na wazee wao, kwenye mdomo wa chini. Tafuta vishimo viwili vidogo vilivyokaa kando kwa kando, karibu na katikati, wakati mwingine vinatoa unyevunyevu. Vishimo hivyo ni dalili ya aina ya mpasuko inayorithiwa moja kwa moja, ambayo mara nyingi hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo IRF6. Mwenye nayo humpa kila mtoto wake nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, awe ameoa binamu au mgeni. Wengine huwa na vishimo tu, mdomo wao wenyewe mzima, na hao ndio hupita bila kujulikana. Mkiviona, nendeni kwa daktari bingwa kabla ya harusi. Msipoviona, fuateni maelezo ya vidonge tuliyomwandikia dada wa Matondoni hapa chini.

Binti yangu ana miaka 22, ana kifafa tangu utotoni, anatumia valproeti. Ameolewa mwezi uliopita. Jirani ametuambia dawa hiyo huharibu mtoto, naye ameanza kuziruka. Mama wa Barani, Malindi

Mwambie leo aache kuziruka. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, na degedege lisilokoma laweza kumuua yeye na mimba pamoja. Lakini jirani hakusema uongo. Valproeti ndiyo yenye sifa mbaya kuliko zote katika kundi hili: mtoto 1 hivi kati ya 10 waliokuwa tumboni mama akiitumia huzaliwa na kasoro kubwa, ya uti wa mgongo, ya moyo au ya mdomo na kaakaa, na wengine huchelewa kiakili. Fenobabitoni na fenitoini, zinazotumika sana hapa Pwani kwa kuwa bei yake ni rahisi, nazo zinahusishwa na mpasuko. Topirameti vilevile, Marekani ilitoa onyo rasmi juu yake na mpasuko wa mdomo mwaka 2011. Lamotrijini na levetirasetamu ndizo zilizoonekana kuwa salama zaidi.

Kubadilisha dawa ni kazi ya miezi, si ya siku: moja huingizwa kidogo kidogo huku nyingine ikipunguzwa. Kwa hiyo aende kliniki ya kifafa sasa na aseme wazi, "nimeolewa, nataka kuzaa." Hadi hapo atumie uzazi wa mpango, na hapa pana mtego ambao wengi hauwafikii. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya vijiti vya mkononi. Akihamishiwa mojawapo, mwanamke aweza kushika mimba huku akijiona amejikinga. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki hivyo.

Pia aandikiwe asidi foliki ya miligramu 5 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Baada ya hapo arudi kwenye kidonge cha kawaida cha kliniki. Sababu ni kwamba kuanzia wiki ya 13 wajawazito wa Pwani hupewa SP ya kuzuia malaria, na foliki ya miligramu 5 huidhoofisha SP. Kile kidonge kidogo cha mikrogramu 400 hakina shida hiyo.

Dawa nyingine mbili za kuepukwa kabisa na anayetafuta mimba ni methotreksati ya baridi yabisi na isotretinoini ya chunusi. Mwenye kisukari naye ahakikishe sukari imetulia kabla ya mimba, kwa sababu sukari ya juu katika wiki zile za mwanzo ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na mpasuko. Unene uliopita kiasi pia umo, kwa kiwango kidogo.

Mimi navuta sigara, mke wangu havuti. Tuna mpango wa mtoto. Inahusu? Na muguka? Baba, Mpeketoni

Inahusu. Mama anayevuta huongeza hatari kwa kama theluthi moja: pale ambapo wasiovuta 10,000 wangepata watoto 10 wenye mpasuko, wavutaji wangepata 13. Moshi wa mume ndani ya chumba kimoja nao umehusishwa. Kuvutia nje barazani hakutoshi kama watoka na kuingia na kipisi cha sigara. Acha kabla ya mimba, kwa kuwa mkeo akishajijua ana mimba, wiki zenyewe zinapita. Muguka na miraa kwa mjamzito vimeonekana kuambatana na watoto wa uzito mdogo, na pia huua hamu ya kula. Hiyo yatosha kumzuia mkeo asitafune.

Nasikia vidonge vya kuongeza damu vyazuia mdomo sungura. Nilianza kuvimeza mimba ya kwanza mwezi wa tano. Sasa nataka kupata wa pili. Na je, chakula gani? Mama yangu anisisitiza maini kila siku. Dada, Matondoni, Lamu

Ukivianza mwezi wa tano vitakusaidia damu, mdomo wa mtoto haviufikii. Tumeshaona kalenda yake hapo juu. Kasoro kubwa ya utaratibu wetu ni hii: kliniki ya kwanza ya wajawazito wengi huja wakati mdomo, kaakaa na uti wa mgongo vimekwisha kufungika. Vidonge vinavyogawiwa siku hiyo ni vizuri, ila kwa kazi hii vimefika mlango umefungwa.

Kidonge cha kliniki kina miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi foliki. Kinachotakikana kwa uso na uti wa mgongo ni ile foliki. Kwamba foliki inazuia kasoro za uti wa mgongo ni jambo lililothibitika. Kwa mdomo na kaakaa ushahidi ni dhaifu zaidi, baadhi ya tafiti zimeona inapunguza na nyingine hazikuona, kwa hiyo asikuahidi mtu. Hata hivyo kidonge ni kilekile na hakina hasara. Anza siku mnayoamua kuacha uzazi wa mpango, kimoja kwa siku, endelea bila kukatiza. Mwili ukikupa kichefuchefu, kimeze usiku baada ya chakula. Usikimeze pamoja na chai, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Acha saa moja au mbili zipite. Ukinunua duka la dawa, soma maandishi: foliki inayouzwa peke yake mara nyingi ni ya miligramu 5, zaidi ya mara 12 ya hiyo ya kliniki. Hiyo ni ya wenye kifafa, kisukari, au waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo, na iandikwe na daktari.

Chakula: kunde na majani yake, mbaazi, maharagwe, mchicha, machungwa. Majani usiyachemshe kwa maji mengi kisha ukamwaga, kwa maana foliki huyeyuka ikaondoka na maji. Yapike kwa maji kidogo au ndani ya tui, upesi. Unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti unatakiwa kisheria, tangu 2012, uongezwe virutubisho pamoja na foliki. Unga wa mahindi yenu wenyewe mliosagisha kinuni hauna nyongeza hiyo.

Maini tungemwomba mama apunguze. Si kila kinachoongeza damu kinafaa kila siku. Maini yana vitamini A nyingi kupita kiasi: gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa huvuka uniti 10,000, kiwango ambacho mjamzito hatakiwi kukipita kwa siku, na vitamini A ya aina hiyo ikizidi katika wiki za mwanzo huharibu uumbaji wa uso na moyo. Acha maini miezi mitatu ya mwanzo, na usinunue vidonge vya mafuta ya ini la samaki. Mafuta ya ini la papa ni ya kupaka jahazi. Atakayekuambia uyanywe, mkatalie kwa heshima. Vitamini A ya karoti, maembe, papai na mchicha haina madhara hayo, kula utakavyo.

Na ukipata homa kali mimba ikiwa changa, usijikaze nyumbani ukiogopa dawa. Joto kali la mwili lenyewe linahusishwa na kasoro hizi. Pima malaria siku hiyohiyo, na mweleze muuguzi kwamba huenda una mimba.

Mjukuu wangu ana siku 20, mdomo mzima lakini kaakaa liko wazi nyuma. Maziwa yatoka puani. Alizaliwa kilo 3.1, sasa ana 2.9. Hospitali hawakuona kitu alipozaliwa. Bibi, Faza

Shikamoo bibi. Huenda hawakuona kwa sababu walipapasa kwa kidole tu. Kaakaa huangaliwa kwa tochi, ulimi ukiwa umekandamizwa, hadi kilimi kionekane. Hata kilimi kilichogawanyika ncha mbili ni dalili. Picha ya altrasaundi nayo huona mdomo kuanzia wiki ya 18 hivi, ila kaakaa peke yake hulikosa mara nyingi.

Uzito ndio wa haraka. Kufikia siku ya 14 mtoto huwa amerudia uzito wa kuzaliwa. Huyu amepita siku hiyo akiwa gramu 200 chini. Apelekwe kituo cha afya kesho, asingoje. Mkiwa njiani na baada ya hapo, lisheni hivi.

Mtoto mwenye kaakaa wazi hawezi kuvuta. Hewa hupita kwenye ufa, hivyo hunyonya saa nzima akachoka, akalala na tumbo tupu. Watu humwona titini wakadhani ameshiba. Mama akamue maziwa mara 8 kwa siku, usiku pia, la sivyo yatakauka. Mtoto ahitaji mililita 150 kwa kila kilo kwa siku: mhesabieni kwa kilo 3, ni 450, yaani 55 hadi 60 kila baada ya saa tatu. Pimeni kwa bomba la sindano la mililita 10 bila sindano yake. Kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono chafaa sana kumlishia, ukingo wake ni laini, kichemsheni kwanza. Mkalisheni wima, kichwa kimeshikwa. Ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike ukingoni, ayalambe mwenyewe. Msimmiminie, hapo ndipo hupaliwa. Kama mna chupa laini ya kubonyea, bonyeza kidogo kila anapovuta na uache anapomeza. Mcheulisheni kila baada ya dakika chache, kwani humeza hewa nyingi. Mlo usizidi dakika 30. Zaidi ya hapo anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata.

Maziwa yakitoka puani, simamisheni, apige chafya, mfuteni, muendelee. Hilo peke yake si hatari. Hatari ni akigeuka rangi, au kifua kikiingia ndani anapopumua. Kama kidevu chake ni kidogo na anakoroma, mlazeni kifudifudi chini ya macho ya mtu aliye macho, na mkimbie hospitali. Msizibe ufa kwa pamba. Maziwa yaliyokamuliwa yasipite saa 4 nje ya barafu, na katika joto la kaskazi punguzeni.

Akikaa sawa ataongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mpimeni kila wiki kwenye mizani ileile: chini ya gramu 140 kwa wiki, rudini.

Kaakaa hushonwa kati ya miezi 9 na 18. Msiliache lipite hapo, kwa sababu mtoto akishajifunza kusema kwa puani ni vigumu kumrudisha. (Kwa Mama wa Muyeye: mdomo huja kwanza, miezi 3 hadi 6, akiwa na kilo 4.5 au zaidi na kipimo cha damu (hemoglobini) kisichopungua 10.) Mtoto mwenye mafua au homa huahirishwa, kwa hiyo mwepusheni na wenye mafua wiki mbili kabla. Baada ya kushonwa kaakaa ni uji mwepesi na maziwa kwa kikombe. Kijiko, mrija na vidole hufumua nyuzi, likabaki tundu ambalo litataka upasuaji mwingine. Masikio pia yapimwe, maana misuli ya kaakaa ndiyo inayofungua njia ya hewa ya sikio, na watoto hawa hujaa majimaji ndani wakasikia nusu.

Kuhusu gharama, shirika la Smile Train hulipia upasuaji huu katika hospitali linazoshirikiana nazo hapa Kenya. Ombeni barua ya rufaa hospitali ya King Fahd, Lamu, na muulize ni hospitali gani ya karibu iliyo katika mpango huo kabla hamjapanda boti ya Mokowe. Kijitabu cha kliniki chenye uzito wa kila wiki mwende nacho. Ndicho daktari wa upasuaji atakachokitazama kabla ya kuwapa tarehe.